Maji ya Arobaini na Sita Pale Tamplin

Tamplin ina barabara moja na nusu. Ile nusu inateremka kuelekea mtoni, ikifika kwenye mikoko inakata tamaa. Kaskazini tuna reli ya miwa, kusini mto, mashariki bahari ambayo huioni ila unainusa, na magharibi milima ambayo kila asubuhi imejifunga wingu kiunoni. Nyumba hamsini na tatu, zote za mbao, zote zimesimama kwa miguu mirefu maana mvua ya huku haina adabu. Kijiwe chetu kipo nje ya ukumbi wa zamani, pale ardhi inapoinuka kidogo: benchi la mataruma ya reli, bati juu, na feni ya umeme ambayo Treni aliifunga bila kumwomba mtu ruhusa. Kahawa inaletwa na Merle Sciacca kutoka nyumba yake ya ng'ambo ya barabara, saa moja asubuhi, kwenye chupa kubwa ya chai, na biskuti za lozi juu ya kitambaa. Hajakosa siku isipokuwa ile aliyomzika mumewe Aldo. Mimi hapa kijiweni naitwa Mgeni. Nina miaka ishirini na saba tu Tamplin.

Asubuhi hiyo ya Agosti kiwanda cha sukari kilikuwa kinasaga miwa na hewa yote inanukia sukari iliyoungua. Merle alitua chupa, akatua biskuti, halafu akatoa bahasha kwenye mfuko wa aproni akaiweka katikati ya vikombe.

— Leo ndiyo mwisho, alisema. Ofisi inafungwa saa kumi. Nikitia sahihi, serikali inanunua kiwanja, panabaki majani, hapajengwi tena mpaka kiama. Nyumba wananiachia niibebe niende nayo. Nisipotia, ndiyo basi, hawarudi. Mafuriko mengine yakinikuta ni shauri yangu.

— Usitie! alisema Treni, hata kikombe hajashika.

Treni jina lake Barry Kratzmann. Ameendesha treni ya miwa miaka arobaini, na hadi leo akitaka kusema neno mkono wake unapanda juu kutafuta kamba ya honi.

— Sababu? aliuliza Merle.

— Tuta la reli. Mto umeshafungwa kule juu kwa tuta la reli, mama. Nimelipita na mabehewa mia ya miwa mchana na usiku, halijatikisika hata siku moja. Maji yatapitia wapi?

— Yatapita hapo ulipoweka miguu yako, alisema Ramani.

— Haya, ameanza, alisema Treni.

Ramani ni Clive Ogden. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mashamba ya kiwanda na bomba la chuma anatoboa ardhi kupima udongo. Mtu huyu ukimwuliza saa ngapi anatazama chini.

— Barabara hii ni mto, alisema Ramani. Mto uliohama. Nimetoboa pale ilipokuwa posta. Juu udongo mweusi, mita moja. Chini yake mchanga. Chini ya mchanga kokoto, za duara, laini kama mayai. Nani alizisugua? Wewe na treni yako?

— Kwa hiyo unasema niondoke, alisema Merle.

— Aa, nasema mto ndio umeondoka! Umehamia kule. Ukae zako kwa raha.

— Februari maji yalifika ngazi ya tisa, Clive. Ngazi zangu ni kumi na tatu.

— Na hayakufika ya kumi, alisema Treni. Wewe una alama yako pale chini. Una wasiwasi gani?

Hapo inabidi niseme jambo. Kila nyumba ya Tamplin ina mguu mmoja wa kumbukumbu. Mafuriko yakipungua, kabla hujagusa fagio, unachukua rangi nyeupe unachora mstari pale tope lilipoishia na unaandika mwaka. Ukiosha tope kabla ya kuchora, mtaa mzima utakusema hadi Krismasi. Na katika miguu yote ya Tamplin hakuna unaoheshimiwa kama wa kwa Merle, kwa sababu una mstari wa mwaka arobaini na sita, mafuriko makubwa kuliko yote ambayo mtu yeyote hapa amesikia habari zake. Mstari ule uko vidole vinne chini ya sakafu. Maana yake hata maji ya arobaini na sita yalimwacha mtu wa nyumba ile akinywa chai na soksi kavu.

Februari mimi na Treni tulikwenda kumchukua Merle kwa boti la bati. Alitoka barazani na taa mkononi, akaonyesha chini kwenye mguu wake, akasema kama arobaini na sita haikuingia, hii ya leo ni nani? Tukacheka. Nikampa mkate, nikageuza boti.

— Sikilizeni, alisema Ramani, na sauti yake ilishuka. Kuna kitu sijawahi kuwaambia. Nyuma ya ukumbi huu niliwahi kutoboa mita sita. Mita sita! Nikatoa magamba ya chaza. Nikatoa matumbawe. Nikatoa na kipande cha mti wa mkoko, cheusi, kizima, magome yake yako palepale. Nikakivunja. Kilinuka bahari. Harufu mbichi, kama kimekatwa jana.

Mimi niliinua miguu kidogo kutoka chini, nakiri.

— Tumekaa juu ya bahari, alisema Merle polepole.

— Juu ya bahari, juu ya msitu wa bahari, juu ya mto, juu ya mchanga. Na juu kabisa, wewe na biskuti.

— Hicho ndicho nilichokuwa nataka kusema miaka yote! Treni alirukia. Tamplin inaelea!

— Barry, ndugu yangu, umekunywa nini? aliuliza Ramani.

— Inaelea. Mbona treni mbili zikipishana kahawa inacheza kwenye kikombe? Ardhi ya kawaida haichezi. Hii inaelea juu ya tope, na maji yakija inapanda nayo. Ndiyo maana arobaini na sita haikuingia kwa Merle. Nyumba ilipanda!

— Na nanga yake iko wapi?

— Huu ukumbi. Unafikiri kwa nini haukai sawa?

Tulicheka hadi Ramani akafuta miwani. Shangazi Ivy, aliyekaa karibu nami mwisho wa benchi, peke yake hakucheka. Huyu hana jina la kijiweni, hakuna aliyethubutu kumpa. Sote tunamwita Shangazi, hata Treni aliyemzidi mwaka mmoja, kwa sababu watu wake, wenyeji wa asili wa nchi hii, walikuwa hapa kabla ya barabara, kabla ya miwa, kabla aliyechora ramani ya kwanza hajazaliwa. Alikuwa anachovya biskuti yake kwa hesabu, mara tatu na si zaidi.

— Bahari haikuwa hapa wala haikuwa pale ilipo, alisema. Ilikuwa mbali. Vile visiwa mnavyokwenda kuvua samaki vilikuwa vilima. Wazee wetu walikwenda huko kwa miguu, na mbwa wao. Bahari ikaja. Haikuja kwa fujo, ilikuja kidogokidogo, mtu anarudi nyuma na moto wake, anarudi tena, anarudi tena. Majina ya mahali palipozama tunayo bado.

— Lini hiyo, Shangazi? niliuliza.

— Wale wa chuo waliokuja na mashine zao walisema miaka elfu nane, elfu tisa. Wakashangaa sana. Sisi tulishangaa kwamba wao walikuwa hawajui.

Nywele za mikono zilinisimama. Nimeyasikia hayo mara nyingi na kila mara zinasimama. Mtu amekaa karibu nami, ana viatu vya plastiki na mkoba wa dukani, na kichwani ana majina ya vilima vilivyo chini ya bahari.

— Na mto? aliuliza Merle.

— Mto una vitanda vitatu. Unalala huku, ukichoka unalala kule. Clive amepata kitanda kimoja, namsifu. Ila anasema umehama. Mtu akitoka chumbani akaenda sebuleni kwake, amehama? Bibi yangu alisema hapa ni pa kupita. Unavua, unakula, unaondoka mawingu yakianza kukaa mlimani. Hapa hapalaliwi.

— Hadithi tamu sana, Shangazi, alisema Treni, akinyoosha kikombe. Merle, ongeza kahawa.

Ndipo lori jekundu likasimama ng'ambo, mbele ya kwa Merle. Akashuka mwanamke mwenye mabega mapana, suruali ya kazi, penseli sikioni. Alitupungia, akaingia moja kwa moja chini ya nyumba, tukaona viatu vyake tu vikizunguka.

— Ni mbeba nyumba, wale wanaohamisha nyumba za mbao kwa lori, alisema Merle, na alikuwa kama anaomba radhi. Corrine Vassallo. Nilimwita aje aitazame. Kuitazama tu.

— Mwache atazame, alisema Treni. Akiona alama ile atarudi kwao na lori tupu.

Tulivuka barabara wote, na vikombe vyetu. Corrine alikuwa amechuchumaa anagonga mguu wa kumbukumbu kwa kifundo cha kidole.

— Mbao hizi hazipatikani tena, alisema. Ngumu kama chuma. Nyumba ilijengwa hapahapa?

Hilo ndilo swali ambalo Treni hulisubiri maisha yake yote.

— Ilijengwa hapa? Dada, hii ilikuja mwaka sabini na moja! Aldo aliinunua kutoka makazi ya kiwanda, kule juu mtoni, kilomita kumi na nane. Wakaikata katikati kwa msumeno. Malori mawili. Mimi nilisimamisha treni ya miwa ipite. Nusu ya kwanza ikapita, vitanda na kila kitu. Nusu ya pili ikapita, na huyu Merle ndani yake, bibi harusi wa wiki tatu, amesimama jikoni ameshika sufuria, upande mmoja hauna ukuta, anatupungia kama malkia!

— Sufuria ilikuwa na mchuzi, alisema Merle. Sikumwaga hata tone.

— Na hii miguu? aliuliza Corrine.

— Ilikuja nayo! Yote thelathini na sita. Unafikiri Aldo angeacha mbao hizi? Alizing'oa kwa mikono yake.

Corrine alipitisha kidole kwenye mstari mweupe, uliopakwa rangi mpya kila Desemba, na tarakimu za zamani ambazo Aldo, kisha Merle, walizifuata kwa brashi miaka yote hiyo. Akasoma. Akasoma tena.

— Sasa alama ya arobaini na sita ilichorwa wapi?

Nilisikia honi ya treni mbali kwenye mashamba. Treni alikuwa amefungua mdomo na mkono wake uko juu, unatafuta kamba. Ramani aliinama akautazama mguu ule pale unapoingia ardhini, kisha akavua miwani. Miaka hamsini na zaidi watu wa Tamplin tumepita hapa, tumeleta wageni waone, tumepiga picha, tumeapa kwa mstari ule. Na kila mmoja wetu alijua nyumba ilikuja sabini na moja. Tuliyajua yote mawili, hatukuwahi kuyaweka pamoja.

— Kule juu, alisema Merle. Sauti yake ilikuwa ndogo. Ilichorwa kule juu.

— Kwa hiyo hapa yalifika wapi? nilisema.

Halafu Ramani akasema: ukumbi. Ukumbi haukuhamishwa kamwe. Una alama yake ya arobaini na sita ukutani, nyuma ya ubao wa matangazo, kwenye usawa wa goti la mtu mzima. Hatukuijali kwa sababu ni ya chini, inachekesha, na kwa Merle tulikuwa na yetu nzuri.

Corrine akatoa kwenye lori mpira mrefu mwembamba, ule unaoona maji ndani yake, akaujaza kwenye bomba la Merle hadi mapovu yote yakatoka. Maji ya ncha zake mbili hukaa usawa mmoja, hata ncha zikiwa mbali. Alisema ana mashine ya kupimia ya miale ya leza, ila baba yake alimfundisha kwa mpira, na mpira ndio humridhisha. Ramani alishika ncha moja kwenye alama ya ukumbi. Ncha ya pili tulivuka nayo barabara. Haikufika. Tukasimamisha mti katikati, tukachora, tukafunga ncha ya kwanza hapo, tukaanza tena. Tulikwenda taratibu, kama watu waliobeba jeneza. Mara ya kwanza maishani niliona kwamba kutoka kijiweni hadi kwa Merle unateremka. Nimeteremka hapo kila siku na miguu yangu haikuniambia.

Kwenye mguu wa kumbukumbu maji ya mpira yalikataa kukaa. Corrine akiinua, yanamwagika. Akainua hadi mstari mweupe, yakamwagika. Akainua hadi sakafu, yakamwagika.

— Fungua mlango, mama, alisema.

Tulipanda ngazi kumi na tatu. Jikoni kwa Merle kuna meza ya mbao, jiko la gesi, na dirisha linalotazama mikoko. Corrine aliinua ncha ya mpira kando ya jiko, taratibu, akapita mlango wa oveni, akapita sufuria, akapita rafu ya chumvi. Pale kwenye kizingiti cha dirisha maji yakatulia. Yalipanda kidogo, yakashuka kidogo, yakasimama. Akachora kwa penseli.

Nilisimama pembeni ya mstari ule. Ulikuwa unanigusa kifuani. Nje jua lilikuwa linawaka na kunguru wanapiga kelele, na sisi watano na mbeba nyumba tumesimama ndani ya mto. Sijui niseme vipi. Niliyaona maji yale. Niliyaona yamejaa chumba chote, ya kahawia, kimya, toka ukuta hadi ukuta, juu ya meza, juu ya kitanda cha Merle kule chumbani, na juu yake popo wanaruka kwenda zao. Nilishikwa na hofu na nilishikwa na heshima, na sikuweza kutenganisha ipi ni ipi.

— Februari nililala hapa, alisema Merle. Nilizima taa nikalala.

— Na mimi nikageuza boti, nilisema. Merle, nisamehe. Nilikupa mkate nikageuza boti.

Alinipiga begani, lakini hakunitazama.

— Shangazi, alisema Treni, na alikuwa karibu kulia, mzee yule. Mbona hukutuambia?

— Nimewaambia, alisema Shangazi Ivy. Nimewaambia miaka arobaini. Nimewaambia leo, saa mbili asubuhi. Ukasema hadithi tamu, ongeza kahawa.

Treni alikaa kwenye kiti. Shangazi akaenda akasimama karibu naye, akaweka mkono juu ya kichwa chake chenye upara, akauacha hapo. Ramani alikuwa bado anayatazama maji yaliyosimama ndani ya mpira.

— Kokoto, alisema peke yake. Zile kokoto zilikuwa zinaniambia nini, na mimi nilisikia nini.

Merle aliketi mezani kwake. Akafungua bahasha, akanyoosha karatasi kwa kiganja, akaomba penseli ya Corrine, kisha akaona haifai akatafuta kalamu kwenye kopo la vijiko. Alitia sahihi mahali patatu. Aliandika jina lake lote, na la Aldo katikati, polepole, kama mtoto wa shule anayeogopa kutoka nje ya mstari. Ilikuwa saa sita kasorobo. Alipomaliza alituangalia mmoja mmoja na mimi nilijikuta nasimama wima.

Corrine alikunja mpira wake, akafungua daftari, akaandika urefu wa nyumba, upana, idadi ya miguu. Ni mtu mwema, alikuwa anafanya kazi yake.

— Itatoka kwa vipande viwili, mama, kama ilivyoingia, alisema. Mwezi wa kumi, kabla ya mvua. Nakuahidi sitavunja hata kioo.

— Ahsante.

— Niipeleke wapi?

Sisi ni watu wa maneno. Tuna mto wenye vitanda vitatu, tuna bahari chini ya benchi, tuna vilima vilivyozama na majina yake. Treni alimtazama Ramani, Ramani akamtazama Shangazi, Shangazi akatazama nje ya dirisha, kwenye mikoko.

Kiganja cha Merle kilikuwa bado juu ya meza.

— Sijui, mwanangu, alisema Merle. Kila mahali ninapopafikiria, naiona iko hapa.